Oveni ya makaa ya jua kali: biskuti za vuli kutoka London, ile ya Nakuru

Wacha nianze na mahali naishi juu itawasaidia mbele. Mi naishi London. Si ile ya mfalme, hii ya Nakuru, na dada yangu yuko Minnesota huko Marekani, kwa hivyo kwa familia yetu wa London ndiye hukopa nauli.

Sasa huyo dada, mwezi wa tisa, alipata mtu anakuja nyumbani akatubebea katoni. Ndani kulikuwa na soksi, dawa ya meno ya kutosha kijiji, halafu mkebe wa vibati vya kukatia biskuti: jani la mepo (ule mti wa huko, maple), jani la mwaloni, malenge, na kindi mwenye mkia mkubwa ambaye mtoto wangu mdogo Kevo, miaka minne, ameamua ni panya na hakuna wa kumtoa hapo. Pia kulikuwa na kachupa kameandikwa kwa Kizungu ni viungo vya malenge. Baba Shiru akafungua akanusa, akasoma nyuma, akasema hii ni mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga, malenge yenyewe iko wapi? Haiko. Ni viungo vya kutiwa kwa malenge, hakuna malenge ndani. Aliumia sana, alikuwa anaona kama ametapeliwa na Marekani nzima.

Shida ni kwamba sikuwa na oveni. Jiko langu la gesi ni la juu ya meza, meko mbili. Keki nimekuwa nikioka vile wengi wenu mnaoka, sufuria ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na keki inatoka sawa. Lakini biskuti kwa sufuria unatoa sita kwa mpigo mmoja, na nyumba iko na watu watano kama Shosho amekuja, na Shosho huwa amekuja. Ndio nikaenda kwa fundi wa jua kali nikaagiza oveni ya makaa, na hii ndio nataka kuwaambia habari yake, juu kila mtu akija hapa kwangu anauliza ni ya pesa ngapi na kama inafanya.

Pesa ni 7,500, aliniambia 9,000 tukavutana. Nikatoa nusu. Akasema nikuje Ijumaa. Wenye mnajua mafundi mnajua, hakusema Ijumaa gani. Nilienda Ijumaa tatu. Ya kwanza ilikuwa bado ni bati limelala chini, ya pili ilikuwa na miguu, ya tatu nikakaa kwa kigoda chake mpaka akamaliza.

Kazi yenyewe lakini, wacha niseme ukweli, ni safi. Inanifika kiunoni. Ukuta ni bati mbili na katikati ameshindilia ile pamba ya kuzuia joto, unaweza kuweka mkono kwa ubavu wakati inawaka na usichomeke. Ndani kuna rafu mbili, chini kuna droo ya makaa, na juu kabisa kuna trei ingine ya makaa yenye mdomo ulioinuka ndio yasianguke. Mlango ndio umeniangusha. Umepinda kidogo upande wa juu kulia, unaacha nafasi unaweza kupitisha penseli, na kufuli yake ni msumari wa inchi nne uliokunjwa. Nikimlalamikia akasema hiyo nafasi ni ya kupumua. Sai mi huziba na kitambaa kilicholoa na inatosha, lakini 7,500 na kitambaa juu yake, hapana.

Kitu ya pili, na hii sikuambiwa: alipaka rangi ya fedha mpaka NDANI. Kama unaagiza yako mwambie asiguse ndani na brashi. Na hata asipopaka, siku ya kwanza iwashe ikiwa tupu, uiache nje iungue masaa mawili hivi mpaka harufu iishe. Mi sikuungoja huo muda, watoto walikuwa wamekaa mlangoni na sahani. Biskuti za kwanza zilikuwa na ladha ya geti. Mbwa wa jirani, mwenye nimewahi ona akila betri, alinusa akaenda.

Raundi ya pili niliichoma mwenyewe na huwezi laumu fundi. Maagizo ya dada yanasema 350. Mi nikaona sawa, 350, nikajaza makaa chini, nikajaza juu, nikapepea na kifuniko cha ndoo mpaka Baba Shiru akauliza kama tunaoka ama tunachoma matofali. Dakika nne. Nikifungua mlango kindi wote walikuwa weusi tititi, Kevo akasema panya wamekufa. Nikampigia dada WhatsApp nikimlilia, akacheka mpaka simu ikaanguka, ndio akaniambia hiyo ni Fahrenheit wewe, ya kwetu ni kama 177. Sasa mtu anatumaje maagizo kwa dada yake aliyesoma 8-4-4 bila kuandika hiyo kitu!

Kwa hivyo makaa ni haya, andikeni mahali. Mengi yakae juu, machache chini. Mi huweka kama theluthi mbili juu na theluthi moja chini, na ya chini nayasukuma kando kando, katikati nabaki na majivu, juu joto la chini ndilo hukaushia biskuti matako kabla uso haujaiva. Oveni haina kipimajoto. Mi huweka mkono ndani nikihesabu pole pole, nikifika nane kabla niutoe ni sawa, nikitoa kwa nne ni moto mno. Gorogoro moja ya makaa inanimalizia trei tatu na bado nabaki na moto wa kuchemshia Shosho maji ya miguu.

Unga nao una kisa chake. Nilituma Baba Shiru dukani alete unga wa ngano, akaleta ule wa kujiumua, wenye beking pauda tayari ndani, juu ulikuwa umepunguzwa shilingi kumi. Mi sikuangalia pakiti, nikaongeza beking pauda yangu juu ya ingine. Na hapa Nakuru tuko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kitu yoyote ya kuumuka inaumuka na madharau. Majani ya mepo yalifura yakakuwa miguu ya bata. Malenge ilikuwa tu duara. Kindi alipoteza mkia, sasa hapo Kevo akawa hata na ushahidi. Kama uko na vibati vya maumbo tumia unga wa kawaida, na beking pauda upunguze kidogo kuliko vile kumeandikwa, hata mi sai natia nusu.

Halafu malenge yenyewe, juu Baba Shiru alikataa tuite biskuti za malenge na hakuna malenge. Tukanunua moja Top Market, kubwa, ya kijani na madoa, Shiru akaibeba kama mtoto mpaka stejini. Wale wa Marekani hufungua mkebe ikiwa imeshasagwa na ni nzito. Ya kwetu ukiichemsha inakunywa maji, ukiponda ni uji. Nikatia hivyo hivyo, nikapata mandazi laini, tamu kweli, lakini mandazi. Mara ya pili niliipika na mvuke, nikaiponda, nikaifunga kwa kitambaa safi nikaining'iniza kwa bomba la sinki usiku mzima, asubuhi kulikuwa na kikombe kizima cha maji chini na malenge imebaki ngumu kama ugali wa jana. Hiyo ndiyo unataka.

Unga ukishakandwa lazima ulale kwa friji saa moja hivi ndio mafuta yagande, la sivyo jani ukilikata linatambaa kwa trei linasahau lilikuwa jani. Mi natumia Blue Band nusu na siagi nusu juu ya bei. Siku moja nimeuweka hapo kati ya githeri na matumbo, stima zikapotea kutoka saa kumi hadi saa tatu usiku, na nikirudi kuangalia unga ulikuwa umepungua nusu. Hakuna mtu alijua chochote. Shiru alikuwa na mdalasini kwa nyusi.

Chupa ya viungo nayo iliisha wiki ya pili. Nikatia chai masala, na jamani, jaribuni. Iko na tangawizi, mdalasini, karafuu, iliki, halafu kapilipili manga kanakuja nyuma ukishameza. Shosho alisema inafungua kifua, akafunga nne kwa leso azile usiku na dawa zake za presha.

Sasa siku yenye kila kitu kilikubali. Ilikuwa Jumamosi. Unga wa kawaida, malenge imekamuliwa, makaa juu, kitambaa kwa mlango. Nikatoa trei mbili za majani ya mepo, kila ncha imesimama, kando zimekuwa za dhahabu, nyumba yote inanukia hadi kwa ploti ya nyuma wakaulizana. Nikapanga mezani nikaenda kuoga. Nikitoka nakuta Shosho amesimama na kitabu cha nyimbo kwa kwapa, wamama watatu wa kanisa nyuma yake, wanaangalia trei, hakuna anayepumua.

"Mama Shiru," akasema, na hiyo sauti mi naijua. "Haya ni majani gani unapikia wajukuu wangu?"

Mi hapo ndio nikaangalia biskuti zangu na macho ya mtu mwingine. Jani lenye vidole vitano, vimechongoka, vyenye meno meno kando. Walai sikuwa nimewahi fikiria. Nikaanza kueleza mepo, mti wa huko kina dada, sukari yake hutolewa kwa shina, iko hadi kwa bendera ya Kanada, na vile nilikuwa naeleza ndio nilikuwa nazidi kukaa mtu anauza. Mama mmoja akachukua moja akanusa. Kimya. Akauma. Akasema, "Hii iko na tangawizi." Akaketi. Walikula trei moja na nusu, na kutoka hiyo siku kanisani wanaambiana kwamba Shosho ako na biskuti za London, na Shosho hajasahihisha mtu.

Shiru yuko gredi ya 5 na ndiye alileta swali lenye limetuweka pabaya. Alifunzwa vuli ni zile mvua fupi za mwisho wa mwaka, na anti yake anasema vuli ni majani kugeuka mekundu na kuanguka, sasa nani anadanganya? Dada akamweleza kwa simu kwamba huko siku hufupika sana ikikaribia baridi, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, unajifungia. Hapa sisi tumekalia ikweta karibu, mchana ni masaa kumi na mbili mwaka mzima, mti hauna habari. Shiru akafikiria, akatoka nje. Akarudi na maua ya jakaranda kwa sketi, yale ya zambarau, juu mwezi huu yanadondoka barabara yote. Akayamwaga mezani kando ya unga wangu akaniuliza mbona hatuna kibati cha hii.

So oveni mi naipa nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne na nusu bila mlango na ile rangi. Kama una familia kubwa na unachoka kununua mkate, nunua, lakini simama hapo akipima mlango, na beba penseli. Vibati vya dada ni nyota tano, ni chuma isiyoshika kutu na vina kingo za kukata kabisa, isipokuwa jani la mepo mwonyeshe mama mkwe kabla hujaoka.

Na nilirudi kwa fundi wiki iliyopita na ua moja la jakaranda kwa karatasi, nikamuuliza kama anaweza kunikunjia kibati hivyo kwa yale mabaki ya bati. Akaligeuza geuza, akasema linakaa gambuti, lakini atajaribu, 150. Nikamuuliza nikuje lini. Akasema Ijumaa.