PrePoMax kwa fundi wa keria za boda, miezi minne nikiitumia

Mimi niko Kariobangi Light, kazi yangu ni kuchomelea keria za boda boda, stendi za tangi, mageti, hizo vitu zenu za kila siku. Nilifanya diploma ya makanika zamani alafu nikaiweka kwa droo. Sasa mwaka huu mteja wa tatu alirudisha keria imekatika mahali pale pale wengine walikatikia, nikasema hapana, hii si bahati mbaya tena, nikadaunilodi PrePoMax, programu ya kompyuta ya kupigia hesabu kama chuma itahimili mzigo, na bando za usiku. Ni ya bure, na ndani yake kinachopiga hesabu ni CalculiX, pia ya bure, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig. PrePoMax ni ule uso wa kubonyeza bonyeza ndio usiandike mistari ya kodi za kompyuta kama mwanafunzi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa mkono mmoja tu, skwea tyubu ya 25 kwa 25 unene milimita 2, umetokeza milimita 300, umefungwa upande mmoja. Nikaning'iniza mfuko mmoja wa simiti, yaani kilo 50, kwa programu na kwa ukweli, hapo nje kwa chuma ya mlango. Programu ikasema ncha itashuka kama milimita 1.3 na msongo (nguvu kwa kila kipande cha eneo la chuma) pale shinani ni kama megapaskali 112. Nikapima na rula, ni hapo hapo. Mifuko miwili, 2.6. Kijana wangu akasema "boss, kumbe hii kitu inajua chuma kutuliko." Nilimwambia ngoja.

Manake mfuko wa tatu ndio ulituumbua. Programu ilisema milimita 4 bila wasiwasi, lakini nje mkono ulishuka zaidi ya hivo na tulipotoa mzigo haukurudi, ukabaki umeinama kama mtu amesikia habari mbaya. Wa nne ukaukunja kabisa, simiti ikapasuka chini, hasara yangu. Programu yenyewe kwa mifuko minne ilikuwa imeandika tu milimita 5.3 na megapaskali 450, wakati chuma laini ya kawaida huanza kunywea, yaani kuinama bila kurudi, kwa kama 250. Sasa usiilaumu. Mimi ndio nilikuwa nimeipa namba mbili tu za chuma, ugumu wa kama megapaskali 205,000 na ile 0.3 ya Poisson (chuma ikirefuka, inakonda kando kiasi gani), na kwa hizo mbili yeye anaamini chuma ni springi milele, utaweka hata lori hapo juu itakuambia imeshuka kidogo.

Ukitaka ijue kupinda lazima uingie kwa sehemu ya plastiki (si ile ya ndoo, ni ile ya chuma kuinama bila kurudi) uijazie jedwali, kwa msongo huu imerefuka hivi, kwa ule imerefuka vile. Na hapa watu wengi huangukia. Grafu ya maabara imegawanya nguvu kwa eneo la mkato wa chuma ya mwanzo, lakini chuma ikivutwa inazidi kuwa nyembamba, so lazima ubadilishe uwe msongo wa kweli: zidisha na moja jumlisha mrefuko, na mrefuko wa kweli ni logi asili ya hiyo moja jumlisha mrefuko, alafu utoe ile sehemu ya springi. Hesabu hiyo ni sawa mpaka chuma ianze kukonda shingo mahali pamoja, baada ya hapo ni kukisia. Nilipofanya hivo mkono wa kwa laptopu ukakunjika kama ule wa nje. Hiyo siku sikulala, nilikuwa nacheza nayo tu mpaka tokeni za stima zikaisha.

Lakini shida yangu ya ukweli ilikuwa kukatika, na keria za wateja hazikubeba kilo 200. Zilibeba kreti za soda, kilo 30 hivi, zikipigwa na mashimo na matuta ya mtaani kila siku mpaka ufa ukaanza kando ya weldi. Huko ni kuchoka kwa chuma, na msongo wake uko chini kabisa ya kile kiwango cha kunywea. Programu ilinipa msongo, hesabu ya mapigo nikaifanya mwenyewe kwa kitabu na ile kanuni ya Miner ya 1945: kwa kila kiwango cha msongo, mapigo iliyopata gawanya na mapigo inayoweza, jumlisha zote, ikifika 1 umeisha. Ni ya kukadiria tu, lakini ilinionyesha kuhamisha weldi milimita 40 mbali na kona kungesaidia kuliko kununua tyubu nene, na hiyo ndio nimekuwa nikiuza tangu hapo.

Kona zenyewe, tafadhali. Kwa kona kali ya ndani ukizidi kukata meshi (vile vipande programu inagawanyia chuma ndio ipige hesabu) ndogo msongo unapanda tu, ukate tena unapanda tena, hauna mwisho, ni hesabu inafanya hivo wala si chuma. Mteja mmoja aliona hiyo nukta nyekundu kwa skrini akataka rudisho la pesa kwa keria ambayo haijatengenezwa. Weka rediasi kidogo kama ile weldi iko nayo kwa ukweli, alafu soma hapo.

Nilijaribu pia mambo ya uharibifu, ile fikra ya Kachanov ya 1958 kwamba unaipa chuma namba kutoka 0 hadi 1, ikiwa 0.3 basi ni asilimia 70 tu ya eneo la mkato inabeba. Tamu kusoma. Kuitumia nikaona chuma ikianza kulegea uharibifu wote unajazana kwa mstari mmoja wa meshi, ukibadilisha saizi ya meshi jibu linabadilika, nikaachana nayo, hiyo ni ya watu wa kulipwa kufikiria.

Nyota 4. Ni ya Windows, na laptopu yangu ya Luthuli yenye ramu ya GB 4 inalia meshi ikiwa kubwa. Na ukianza chagua mfumo wa milimita na tani, densiti ya chuma huko ni 7.85e-9, yaani tani kwa milimita ya ujazo. Mimi niliandika 7850 tupu, ile ya kilo kwa mita ya ujazo, nikawasha graviti, mkono ukatoka nje ya skrini na sijawahi kuupata.