Mtaa wa India, Bagamoyo: kutembea kuzuri, kununua bado

Mtaa wa India ndio uti wa mgongo wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Unakwenda sambamba na ufukwe, nyumba za mawe huku na huku, milango ya nakshi, baraza za kukalia, Ngome Kongwe upande mmoja na Boma la Wajerumani la mwaka 1897 mwendo mfupi tu kutoka hapo. Historia yake imeshaandikwa vya kutosha. Hapa mtaa unapimwa kama mtaa wa maduka: mtu akiingia na pesa mfukoni, anaiacha au anaondoka nayo? Mara nyingi anaondoka nayo, na inasikitisha, maana mtaa wenye umbo zuri namna hii ni adimu katika pwani yetu.

Kosa kubwa ni kwamba mtaa unauza kitu kimoja kwa mtu wa aina moja. Vinyago, picha za kuchora, bangili, vitambaa. Ukitoka duka hili ukaingia la pili unakuta yaleyale. Mkazi wa Dunda au Magomeni anayetafuta uzi wa cherehani, zipu, betri, sabuni au vitumbua vya jioni hana sababu ya kupita huku. Anakwenda sokoni na stendi. Anayebaki ni mgeni wa siku moja, hasa wa mwisho wa wiki kutoka Dar es Salaam, anayefika asubuhi imeshapanda, anazunguka, anakula mchana, na saa kumi anawaza foleni ya kurudi. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, huyo naye hupungua, na mwenye duka anabaki kulipa pango kwa akiba.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mtaa huu ni wateja wa kila siku, hata kabla ya kuvuta watalii zaidi. Fundi cherehani mmoja, muuza kahawa na kashata mmoja, duka la mahitaji ya nyumbani, mama lishe mwenye samaki wa kukaanga kutoka mnada wa ufukweni, hao wanne wakikaa jirani wanaleta watu asubuhi na jioni, mvua na jua. Mgeni naye husimama penye watu. Mtaa mtupu humtia wasiwasi hata kama ni salama kabisa.

Kabla ya kupaka rangi ukuta wowote, wenye maduka wahesabu watu. Kazi hii haihitaji mtaalamu: mtu, karatasi na saa ya simu. Akae kona moja, ahesabu robo saa katika kila saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, kisha azidishe kwa nne. Siku ya katikati ya wiki, Ijumaa na Jumamosi zinatosha kuanzia. Karatasi iwe na safu nne: waliopita, waliosimama kutazama, walioingia, waliotoka na mfuko. Wakipita wengi na kusimama wachache, ubovu uko mbele ya duka. Wakiingia wengi na kutoka mikono mitupu, ubovu uko kwenye bidhaa au bei. Wakipita wachache tangu mwanzo, hakuna rangi itakayosaidia. Hapo ndipo fundi cherehani na muuza kahawa wanapohitajika. Bodaboda ziandikwe pembeni, maana dereva hasimami kwa kinyago lakini kwa kahawa husimama. Wiki ya tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, isihesabiwe, itawadanganya.

Jua nalo linapanga biashara kuliko wengi wanavyodhani. Bahari iko mashariki. Safu ya nyumba za upande wa bahari, ambazo milango yake inatazama mtaani, ina kivuli asubuhi na inaungua kuanzia adhuhuri. Safu ya upande wa bara inapigwa jua asubuhi, kisha inakaa kivulini mchana wote hadi magharibi. Kahawa, juisi na viti vya jioni mahali pake ni upande wa bara. Mwenye duka upande wa bahari anahitaji kipaa cha turubai kinachotokeza mita 1.2 hadi 1.5, kikunjwe asubuhi na kufunguliwa kuanzia saa sita. Bila hicho vitambaa vinapauka, picha za rangi ya mafuta zinalainika, na mteja hakai. Kipaa kifungwe kwenye nguzo zinazosimama zenyewe, kisipigwe misumari ukutani.

Hizo kuta zinastahili maneno marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za ukarabati zinapopotea. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zinazoamua upana wa chumba: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Duka basi ni chumba chembamba kilicholala sambamba na mtaa. Ukiweka kabati katikati umekiua. Rafu zikae ukuta wa nyuma, njia ya kupita isipungue sentimita 90, na mbele ya mlango pasiwe na kitu kinachozidi mita 1.2 kwa kimo, ili aliye nje aone hadi mwisho. Plagi za plastiki za kushikia skrubu hazishiki kwenye jiwe la matumbawe. Zinazunguka na kutoka na ungaunga. Tumia rafu za kusimama zenyewe, au vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kama nyumba inavyo.

Ukuta ukimomonyoka, fundi wa haraka atapiga plasta ya saruji. Itapendeza kwa msimu mmoja. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu kutoka chini na lina chumvi ndani yake; chokaa huuachia unyevu utoke, saruji huuziba. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, inaisukuma, na plasta inadondoka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Kazi ya pili inagharimu kuliko ya kwanza. Njia sahihi ni chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Piga tabaka za sentimita moja, si nene zaidi, ukutani paliponyunyizwa maji kwanza, na funika kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa. Tabaka likikauka upesi kwa upepo wa bahari, linapasuka nyufa za nywele na kazi imeharibika. Juu yake paka chokaa ya maji, si rangi ya plastiki, kwa sababu ileile ya unyevu.

Milango ya nakshi isiguswe bila kuuliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Mwenye nyumba anayetaka kupanua mlango wa duka aanze na ofisi ya Mambo ya Kale, kisha ndiyo amwite fundi.

Usiku mtaa unapoteza alama nyingi, wakati wenyeji ndiyo wanatoka kupunga upepo. Taa za barabarani zikisubiriwa, muda unakwenda bure. Kila duka liwashe balbu moja ya LED ya wati 9, mwanga wa manjano, juu ya baraza, kimo cha mita mbili na nusu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne na nusu. Kwa mwezi inakula yuniti moja na kidogo ya umeme wa LUKU. Balbu nyeupe kali zinaonyesha ukuta kama wa ghala na kumuumiza macho aliyekaa barazani. Maduka kumi mfululizo yakifanya hivyo mtaa unatembeleka. Matatu yaliyotawanyika hayasaidii kitu. Ramadhani ndiyo wakati mzuri wa kulijaribu hili, kwa kuwa baada ya tarawehe watu wako nje na wana hamu ya kununua.

Bei ndiyo malalamiko ya kwanza ya wageni, na wana haki. Bidhaa hazina bei, na bei inayotajwa hutegemea sura ya anayeuliza na kama amekuja na mwongozaji mwenye fungu lake. Mswahili wa Dar anaona haya kuuliza mara tatu, anatoka. Andika bei kwa shilingi kwenye kadi ndogo, acha nafasi ya kupunguza kidogo, na bandika lipa namba usawa wa macho badala ya kuificha chini ya meza. Mwongozaji alipwe kwa ziara na mgeni mwenyewe, waziwazi. Choo safi cha kulipia nacho ni biashara halali: familia yenye watoto haikai mtaa usio na choo, hata ukiipa kivuli na kahawa.

Nyumba tupu na magofu ni mtihani mgumu zaidi. Nyingi ni za mirathi, warithi wametawanyika, na mkataba uliosainiwa na mrithi mmoja huvunjika mwingine akijitokeza. Mpangaji adai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi kabla ya kutoa senti. Halafu mkataba useme wazi kwamba gharama za ukarabati zinakatwa kwenye pango, kiasi gani, kwa miezi mingapi, na nani anakagua kazi. Mpangaji wa biashara pia hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Wengi hulijua hili wakati wa ukaguzi.

Nani ayasimamie yote haya? Marekani, National Trust for Historic Preservation, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ilianza mwaka 1977 na miji midogo mitatu, Galesburg, Madison na Hot Springs, kisha mwaka 1980 ikaanzisha mpango wa Main Street wa kufufua mitaa ya zamani ya maduka. Jambo la kuchukua huko ni moja: mtu mmoja analipwa kwa kazi ya mtaa tu, kuongea na wenye nyumba, kupanga saa za kufungua, kuhakikisha taa zinawaka. Bagamoyo ina kamati na semina za kutosha. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekosekana mtaani, na maduka yakichangia kila mwezi yanaweza kumlipa.

Kwa anayekwenda kununua sasa hivi: fika Jumamosi baada ya saa tisa, pita upande wa bara. Kinyago cha mpingo kijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha weusi ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Kipande kidogo cha mpingo wa kweli kinazama majini. Ngoma igonge katikati na ukingoni, usikie sauti mbili tofauti, na kagua ngozi: yenye manyoya inaweza kuzuiwa forodhani nchi nyingine, kwa hiyo anayesafiri achukue iliyonyolewa. Mkeka wa ukindu ukunje na kuukunjua. Ukilia na kuvunjika ni wa siku nyingi dukani. Mananasi ya Kiwangwa hutayapata mtaani, uliza sokoni. Na beba noti ndogo, chenji ni shida.