Shastri au Indira, nani aliweka India mbele?

Mi nikiwaweka hawa wawili pamoja moyo unaenda kwa Lal Bahadur Shastri, ingawa alikaa uwaziri mkuu miezi 19 tu, toka Juni 1964 mpaka alipofia Tashkent (mji wa Uzbekistan ya leo) Januari 1966. Akiwa waziri wa reli, 1956, treni ilipata ajali Ariyalur watu zaidi ya 100 wakafa, akaachia ngazi, yani kosa si lake kwa mkono ila wizara ni yake. Halafu chakula kilipokuwa shida akaomba wananchi waruke mlo mmoja kwa wiki, na inasimuliwa alianza na familia yake kwanza. Gari la nyumbani, Fiat, kalinunua kwa mkopo wa benki rupia 5,000, kafa deni halijaisha, mjane wake akalimalizia. Waziri mkuu jamani!

Indira Gandhi, waziri mkuu aliyekuja baada yake, mambo mengine. Nguvu alikuwa nazo kweli, 1969 kataifisha mabenki 14, 1971 kasimama imara mpaka Bangladesh ikazaliwa huku Marekani imenuna, hapo nampa heko zake zote. Ila Juni 1975 mahakama ya Allahabad imefuta ushindi wake wa ubunge, siku 13 baadaye hali ya hatari hiyo, wapinzani ndani, magazeti yamezibwa mdomo, karibu miezi 21! Taifa gani lilikuwa linalindwa pale kama si kiti? Watu walikumbuka, uchaguzi wa 1977 ulipofika hata jimbo lake la Rae Bareli likamkataa.