Uzoefu Wangu wa Kutumia Jagi na Vikombe vya Pyuta vya Royal Selangor

Jagi na vikombe vya pyuta, aloi yenye stani (bati) nyingi, vya kampuni ya Royal Selangor ya Malaysia ninavitumia mezani siku za kawaida, si wageni wanapokuja tu, na kinachonivutia zaidi ni kwamba umbo lake la kisasa, lisilo na nakshi yoyote, linamweka fundi wazi kabisa. Maua na michoro huweza kufunika kasoro, lakini uso mtupu haufuniki chochote. Pale mkono wa jagi ulipolehemiwa nimepapasa mara nyingi bila kugusa kovu.

Kampuni hiyo ilianzia Kuala Lumpur mwaka 1885, pale Yong Koon, fundi kutoka China, alipofungua kazi yake wakati biashara ya stani ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, ilipokuwa imeshamiri. Katika karakana yake ya Setapak, Kuala Lumpur, mgeni huruhusiwa kuwatazama mafundi. Aloi ya pyuta, ambayo stani peke yake ni kati ya asilimia 92 na 97 na iliyobaki ni shaba na madini ya antimoni, humiminwa kwa upawa ndani ya kalibu. Stani huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi, na aloi hiyo huganda upesi ndani ya kalibu, hivyo mmiminaji hana nafasi ya kusitasita. Baada ya hapo kipande hukerezwa, husuguliwa, kisha hulainishwa kwa jani kavu lenye mparuzo, jambo ambalo nisingeliamini kama nisingeliona.

Kwa maji baridi sijapata chombo bora zaidi, kwa sababu kikombe chenyewe hupoa mara tu maji yanapoingia, na ubaridi huo huufikia mdomo kabla ya maji. Pyuta ya zamani ilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, lakini hii haina, kwa hiyo nanywea bila wasiwasi. Hata hivyo, maji ya ndimu au ya ukwaju siyalazi humo, kwa kuwa uchachu hutia madoa. Jikoni haifai kabisa: usiiweke motoni, kwenye oveni wala kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Ioshe kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha uikaushe papo hapo.

Pyuta ni laini, hivyo ikianguka sakafuni hubonyea. Mwenye watoto wadogo ningemshauri achague ile iliyogongwagongwa kwa nyundo, kwani mikwaruzo haionekani sana juu yake, ingawa mimi mwenyewe bado naipenda ile iliyo tupu.