Miwani ya VR, kwa vipimo vya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa 19 huu. Nashona sare za shule, magauni ya sendofu, na tangu mwaka jana nakodisha miwani ya VR, ile ya kufunga usoni yenye skrini ndani, ukaona kama uko mahali pengine, kwenye kona ya duka, kati ya kioo cha wateja na marobota ya vitenge. Najitambulisha mapema ili mtu asije akauliza fundi wa nguo anajuaje mambo haya. Kuhusu kompyuta sijui kitu. Ila kitu kinachovaliwa kikipwaya au kikibana, nitakuona tangu unaingia mlangoni.

Wazo lilikuwa la mtoto wa kaka yangu, anasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Alinibembeleza miezi miwili: shangazi, tununue miwani moja iliyotumika, mtu analipa 1,000 kwa dakika 10, hela inarudi kabla ya Krismasi. Nikatoa 750,000 iliyokuwa ya kwendea Tunduma kufuata vitenge. Muuzaji alikuwa na duka la simu mjini, jina lake naliacha. Alituambia chaji imeisha na waya ameusahau nyumbani, kwa hiyo kujaribu haiwezekani, lakini "ni nzima, mama, kama mpya". Nikakubali, mimi ambaye bibi harusi simpigii pindo mpaka ajaribu gauni mara tatu na viatu vyake miguuni.

Jina la kampuni iliyoitengeneza nalo naliacha. Ninayoyasema yanaihusu karibu miwani yote ya rika lake: ile inayojitegemea bila kompyuta, uzito karibu nusu kilo, mikanda ya lastiki nyuma, lenzi za Fresnel mbele.

Usiku wa kwanza nilivaa, kukatokea maandishi meupe kwenye giza, na kila herufi ilikuwa na mkia wa mwanga. Umewahi kukaa mbele kwenye Hiace usiku, mvua inanyesha, halafu malori yanakuja na taa kubwa pale Mafiati? Ndivyo ilivyokuwa. Mwanga unachirizika kutoka kwenye kila kitu cheupe kwenda pembeni. Nikadhani ni macho yangu, maana nina miaka 46 na uzi kwenye sindano siku hizi natungiwa. Nikampa kijana. Akaona hivyo hivyo. Akasema, "Hizo ni lenzi zenyewe, shangazi."

Akanionyesha kwa tochi ya simu. Lenzi ina pete, moja ndani ya nyingine, nyembamba kama mifereji ya sahani ya santuri. Alinieleza kwamba aliyezibuni ni Mfaransa, Augustin-Jean Fresnel, kwa ajili ya minara ya taa ya kuongozea meli. Ya kwanza iliwashwa mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Mnara unataka lenzi kubwa, na lenzi kubwa ya kawaida ni bonge la kioo nene ambalo hata kulipandisha ni shughuli. Fresnel akaikata pete pete, akatoa unene wote usio na kazi, akabakiza mwinamo wa juu tu. Nikamwambia basi, hii ni sketi ya marinda. Kitambaa kingi kimelazwa kikakaa mahali padogo. Na marinda yoyote, hata uyapige pasi namna gani, mistari itaonekana kwenye mwanga. Hapa kila pete ina ukingo, mwanga ukigonga ukingo unapotea njia, jicho linaona miale isiyokuwepo.

Kwa hiyo mng'ao huo hauna fundi. Unaupunguza tu. Sisi tumeshusha mwangaza wa skrini na tumechagua cha kuonyesha. Kuogelea na samaki chini ya bahari ni safi kabisa, kwa sababu kila mahali kuna mwanga wa bluu na hakuna giza la kuuonyesha mkia. Programu ya nyota, ambayo kijana aliipenda kuliko zote, ndiyo mbaya kuliko zote: giza totoro, vitone vyeupe, na kila kitone kina ndevu. Tumeifuta.

Lakini baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba nusu ya mng'ao tuliokuwa tukimsingizia yule Mfaransa ulikuwa mafuta ya mgando. Tulianza biashara mwezi wa sita. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita anajua: asubuhi mtu haondoki nyumbani hajajipaka mpaka paji la uso linawaka, la sivyo ngozi inapauka na midomo inapasuka. Uso huo unaingia kwenye miwani, sponji inanyonya, jasho linasukuma, na mteja wa tano anaona dunia kupitia kitumbua. Akina dada wa kope bandia ndio kabisa. Kope zinafagia lenzi kila akipepesa, zinaacha michirizi ya wanja na gundi. Sasa kuna beseni la maji ya uvuguvugu na taulo. Unanawa kwanza, hata ukiwa mheshimiwa.

Kufuta nako kulitugharimu. Siku ya pili kijana alichukua kipande cha kitenge mezani kwangu akasugua. Kitenge kipya kina wanga, meza yangu ina vumbi la chaki, na lenzi hizi ni plastiki. Jicho la kushoto lina mikwaruzo mitatu mpaka leo. Spiriti usiguse, inaharibu utando wa juu wa lenzi. Tumia kile kitambaa laini cha miwani ya kusomea, kikiwa kikavu, anzia katikati uzungushe kwenda nje, na kifuliwe mara kwa mara.

Ukungu pia ulitutesa. Chumba cha baridi, lenzi baridi, uso wa moto: dakika ya pili hakuonekani kitu, mteja anadai hela yake. Dawa ni kuiwasha miwani dakika tano kabla, ijipashe moto yenyewe. Mimi naiweka pia mezani upande wa pasi. Upande wake, nasema, si juu yake.

Sasa ukaaji. Hapa nitakuwa mrefu, mnisamehe, ndiyo kazi yangu.

Aliyeikata miwani hii alikuwa na uso mmoja kichwani mwake. Uso huo una pua nyembamba iliyonyanyuka juu kati ya macho, hauna miwani, na nywele zake zinalala. Ukija na uso huo, kaa, furahi. Wateja wangu wengi pua zao zimetulia chini na zimetanuka vizuri, kama yangu, na kwenye pua hiyo pengo lililokatwa kwa ajili ya pua linabaki wazi. Mwanga wa mlangoni unaingia kwa chini, unagonga lenzi, na mng'ao unaongezeka juu ya ule wa marinda. Mtu yuko chini ya bahari huku akiona ndala zake.

Nilichofanya ni kukata pembetatu ya kitambaa cheusi cha sweta, tabaka mbili, nikaishikiza kwenye ukingo wa sponji kwa mshono wa mkono, ikalala kwenye pua kama ulimi. Dakika 20 za kazi. Imeniondolea malalamiko kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Sponji yenyewe niliivua, nikatoa patroni, nikashona vifuniko sita vya pamba vya kuvua na kufua. Kijana alicheka, "Shangazi, hii siyo gauni." Siku hizi yeye ndiye anayevifua.

Halafu kuna umbali wa macho. Lenzi hizi zina eneo dogo katikati ambalo ndilo linaloonyesha vizuri. Mboni ikikaa nje yake, unaona ukungu na rangi rangi pembeni. Umbali kati ya mboni mbili kwa mtu mzima ni kama milimita 63, lakini watu hawakutoka kiwanda kimoja: wapo wa 56, wapo wa 70. Miwani yetu inasogeza lenzi kwa hatua tatu tu, kama fulana za dukani: ndogo, ya kati, kubwa. Anayeangukia katikati ya hatua mbili atavumilia. Mimi napima kila mteja kabla hajalipa. Futi ya kitambaa haifai hapo, natumia rula ya mwanafunzi, naigusisha kwenye paji la uso, namwambia atazame mbali, Mlima Loleza kule, asinitazame mimi, kwa sababu akikutazama karibu macho yanakutana katikati na kipimo kinadanganya. Nasoma kutoka ukingo wa kushoto wa mboni moja hadi ukingo wa kushoto wa nyingine. Mwanzo watu walidhani nafanya uganga.

Kuna jambo hapa lilinishangaza. Skrini iko sentimita chache kutoka jichoni, nikawa na hakika kwamba mimi wa miwani ya kusomea sitaona kitu bila hiyo miwani. Nikaona vizuri kabisa. Kumbe lenzi zinaisukuma picha, jicho linaiona kama iko mita moja na nusu au mbili mbele. Wazee wenzangu wasioona karibu waje bila wasiwasi. Wenye taabu ni wasioona mbali, hao lazima wavae miwani yao ndani, na hapo fremu pana haiingii, au inaingia na kukwaruza lenzi. Ipo pete ya plastiki ya kuongeza nafasi; yetu haikuja nayo, au muuzaji ameisahau nyumbani pamoja na ule waya.

Nywele. Twende kilioni ndiyo mtindo bora wa VR, mikanda inalala juu yake kama imezaliwa hapo. Rasta ndefu ziachwe zitoke katikati ya mikanda miwili ya nyuma. Mabutu ni vita. Fundo la juu linasukuma mkanda, miwani inashuka puani, mboni zinatoka kwenye eneo zuri, mtu anasema lenzi mbovu. Na wigi, jamani. Jumamosi moja dada mmoja alikuja na wenzake watatu, amependeza, akacheza mchezo wa kukata matunda mpaka duka likajaa watazamaji. Alipovua, miwani ilitoka na wigi lote. Nikamfunika kanga kabla hata yeye hajajua, nikawafukuza vijana wa bodaboda mlangoni. Tangu siku hiyo kuna vilemba vitatu vyeusi vinaning'inia msumarini: ukija na wigi unafungwa kilemba kwanza, mkanda unakaa juu yake.

Uzito nao uko wote mbele, pakiti ya sukari ya nusu kilo imefungwa usoni. Watu wanakaza mikanda ili isishuke, wanatoka na alama mashavuni kama wamelalia mkeka. Nilishona kimfuko nyuma ya mkanda nikatia pawabanki ndani. Uzito umesawazika, mikanda inalegezwa, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Bibi mmoja wa Tukuyu aliyekuja kuchukua gauni la msiba tulimvalisha hivyo, akakaa na samaki dakika zake 10 ameshika mkono wa mjukuu. Alipovua alisema tu "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akauliza kama maji yale ni ya Ziwa Nyasa.

Kasoro niliyoshindwa ni moja. Kwenye jicho la kulia, juu kidogo ya katikati, kuna kitone cha manjano kisichotoka. Ni jua. Lenzi ikitazamana na jua, hata dakika chache dirishani, inakusanya miale kama kioo cha kuchomea karatasi na kuunguza skrini kwa ndani. Mwenye miwani wa kwanza aliiacha juani, na hicho ndicho kilichokuwa kimefichwa na chaji iliyoisha. Yetu inalala kwenye mfuko wa turubai nilioushona, zipu juu, lenzi zikitazama chini.

Kama unataka nyota, naipa mbili kama ilivyotoka dukani na tatu na nusu baada ya sindano yangu. Hela imerudi, ila mwezi wa pili, si Krismasi. Kijana sasa anataka miwani mpya, aina ya Meta Quest 3 iliyotoka 2023. Hizo zina lenzi nyingine ambazo Wazungu wameziita kwa jina la chapati za maji, kwa wembamba wake. Mwanga unakunjwa ndani na kurudishwa mara kadhaa, hakuna marinda, na eneo la kuona vizuri ni pana zaidi. Zinakula mwanga mwingi, na mng'ao haujaisha kabisa, lakini ile mikia mirefu hakuna. Na lenzi zake husogezwa kwa gurudumu, kidogo kidogo, bila hatua tatu.

Nimemwambia nitatoa hela kwa sharti moja: tunakwenda dukani wawili, na rula yangu, na waya wetu wa chaji, na yule rafiki yake wa mabutu aje avae mbele yangu.