Care Compare ya Medicare: nyota zake zinasaidia ila usiishie hapo

Jamani wabeba boksi wenzangu mlioko huku Marekani, naomba niizungumzie hii Care Compare, ile tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inayopanga nyumba za wazee kwa nyota 1 mpaka 5. Ni bure, haitaki akaunti, unaandika zipu kodi tu unaletewa nyumba zote za jirani. Mimi ni CNA, yani msaidizi wa nesi anayehudumia wazee, na siku hizi siombi kazi popote kabla sijaichungulia, na ndugu akinipigia anatafuta pa kumweka mzazi namwanzishia huko huko. Naipa nyota 3 kati ya 5.

Kizuri chake kikubwa ni upande wa wafanyakazi, tena wengi hawafiki huko, wanaona nyota ya juu wanafunga simu. Shuka chini utaona saa za nesi na za CNA kwa kila mzee kwa siku, na hizo namba hazitoki mdomoni mwa meneja, zinatoka kwenye rekodi za mishahara ambazo nyumba lazima izitume serikalini. Tangu 2022 wikiendi nayo inahesabiwa kwenye nyota, pamoja na asilimia ya wafanyakazi wanaoacha kazi. Hapo kwenye wikiendi ndo pa kukodolea macho, mana Jumatatu mchana mabosi wote wapo, ila Jumapili usiku unakuta CNA mmoja ana korido nzima, taa za kuita zinawaka vyumba vinne kwa mpigo, na bibi anayetakiwa kuhamishwa kwa Hoyer, ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, na watu wawili anahamishwa na mmoja kwa sababu wa pili hayupo. Na pale watu wanapoacha kazi kila mwezi, yule anayejua kwamba babu wa chumba cha mwisho hapewi maji mepesi kwa sababu yanampalia, ndo huyo keshaondoka.

Ripoti za ukaguzi pia zimo nzima nzima, zisome. Kila kosa lina herufi kuanzia A mpaka L, ukikuta J, K au L jua wakaguzi walikuta wazee wako kwenye hatari ya papo hapo. Alama ya mkono kwenye duara jekundu ni unyanyasaji, hapo mimi naruka. Ila ujue nyota za ukaguzi zinapangwa ndani ya jimbo, 5 ya Texas huwezi kuilinganisha na 5 ya Minnesota.

Sasa kinachoniuma. Baadhi ya vipimo vya ubora, kama wazee walioanguka wakaumia vibaya, nyumba inajiripoti yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha ripoti hizo na bili za hospitali za Medicare, wakakuta ni asilimia 57.5 tu ya maanguko mabaya yaliyokuwa yameripotiwa. Yani mzee kavunjika nyonga, kalazwa, na kwenye karatasi ya nyumba hamna kitu! Mimi nimefanya kazi nyumba moja, jina silitaji, bango la nyota liko mlangoni, mwenzetu akaripoti michubuko aliyoikuta kwa mzee akapewa barua ya onyo yeye. Baada ya hapo nani tena ataripoti? Watu walinyamaza, na wazee ndo walioumia.

Hicho ndo Care Compare haikionyeshi kabisa, kwamba mfanyakazi wa pale anaweza kufungua mdomo au hawezi. Na si kwamba hakipimiki. AHRQ, idara nyingine ya serikali hiyo hiyo, ina dodoso lake tangu 2008, maswali 42 kwa wafanyakazi wenyewe: ukikosea unaadhibiwa? ukiripoti unarudishiwa majibu? shifti zikibadilishana taarifa za mzee zinafika zote? Lakini kulijaza ni hiari ya nyumba na majibu huyaoni kwenye tovuti. Wangeyaweka pale pembeni ya nyota ningewapa 5 leo leo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, nenda mwenyewe, wikiendi jioni, usiongee na yule dada wa mapokezi peke yake, mtafute CNA umuulize taratibu: mzee akianguka hapa nini kinafuata? Akikwambia nesi anamkagua kwanza kabla hajainuliwa, familia inapigiwa simu, halafu wanakaa kutafuta sababu, ni dawa mpya, ni soksi, ni taa ya kuita ilikuwa mbali, basi hapo mzee wako ana watu. Akiangalia pembeni kwanza ndo akujibu, chukua funguo za gari.

Na kama kuna mtu nyumba yake wanajaza lile dodoso la AHRQ na majibu wanabandikiwa wafanyakazi wayaone, naomba aniambie ni jimbo gani, niko tayari kuhama.