Fundi alipima tela, mimi hakunipima

Naandika haya nikiwa na nundu utosini. Si mafumbo, ni nundu kabisa, ya nne au ya tano tangu nilichukue tela langu la kulala kwa fundi makochi hapa Tabora, na kila nikiipapasa naisikia sauti yake: "Mama, hilo ni tela, siyo sebule." Jina lake sitalitaja. Ana watoto wanasoma, na mimi si mtu wa kumwaga unga wa mwenzangu. Mengine yote nayasema.

Mimi na mzee wangu tunanunua asali. Msimu ukifika tunazunguka vijijini, Sikonge, Urambo, Kaliua, na mara nyingine tunateremka na mzigo mpaka Kigoma, tukirudi tunarudi na dagaa na mawese. Gesti za njiani nimezichoka, shuka lenye harufu ya mgeni wa jana na mlango unaofungwa kwa kitambaa. Kwa hiyo tulipopata tela la kulala, mkononi mwa mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka Kigoma, nililipenda hata kabla sijaingia ndani. Ni dogo. Mkiwa wawili mmesimama, mmoja akitaka kupita lazima mwenzake atoke nje au akae. Lina jiko la gesi, lina makabati ya juu, na lina mabenchi mawili yanayotazamana, meza katikati. Usiku unaishusha meza, inakaa juu ya kingo za mabenchi, unapanga mito, tayari una kitanda. Aliyebuni hicho kitu alikuwa na akili sana.

Ila hakuwa na mume kama wangu. Mzee wangu saa mbili usiku keshalala, kama kuku. Mimi saa mbili ndiyo kwanza nafungua daftari la ndoo za asali. Kikiwa kitanda sina pa kukaa, kikiwa kikao yeye hana pa kulala. Na hata mchana, yale mabenchi ya zamani yalikuwa yamenyooka kama ya kanisani: unaweza kula, unaweza kuandika, kujinyoosha hapana. Nilichotaka ni kona moja tu ya kuegemea, miguu juu, kikombe mkononi. Kochi la L, nikamwambia fundi, lakini dogo, na mzee abaki na pa kulala.

Nakiri siku ya kwanza alinikosha. Alikuja na futi yake, penseli sikioni, akapima urefu, akapima upana, akapima dirisha, akapima hata lile boksi linalofunika tairi ambalo wengine wangelisahau mpaka siku ya kupachika. Akachora kila kitu kwenye kipande cha boksi la sabuni, mchoro safi kabisa. Nikatoa malipo ya awali, akaniamkia kwa heshima zote, nikaenda zangu nikiwa na furaha. Nimekuja kugundua baadaye: kitu kimoja tu hakukipima, nacho ni mimi. Hakuniambia hata mara moja, "Mama, hebu kaa kidogo tuone."

Sasa sikiliza hesabu, maana ndiyo iliyonitoa nundu. Benchi la zamani lilikuwa na kina cha sentimita 55 kutoka ukutani mpaka ukingoni, na nyuma hakukuwa na mto wa maana, kitambaa tu. Fundi akaacha benchi palepale, akaweka mto wa mgongo wa inchi 6. Inchi 6 ni sentimita 15. Toa, unabaki na 40 za kukalia. Chukua futi ujipime mwenyewe kutoka makalioni mpaka nyuma ya goti uone 40 inaishia wapi. Kwangu inaishia kiganja kizima kabla ya goti, yaani paja linaning'inia hewani na unakaa kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Bado mto wa chini. Wa zamani ulikuwa inchi 4, yeye kaweka 6 ili "uwe kifalme". Kwenye sebule sentimita 5 za ziada si kitu, hata huzioni. Kwenye tela, juu ya kichwa chako kuna kabati, na kabati halijapandishwa. Ukikaa wima, nywele zinaligusa. Ukiinuka kwa haraka, basi.

Siku ya tatu nikarudi kwake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mtu, misumari midogo imemjaa mdomoni, anaitema mmojammoja na kuigonga kwenye kitambaa. Nikasalimia. Shikamoo ya siku ile ya malipo ya awali sikuiona tena.

"Fundi, lile kochi linanigongesha kichwa."

Hakuinua macho. Akagonga msumari, akagonga mwingine. "Utakuwa unakaa vibaya, mama."

"Kukaa nako kuna vibaya?"

"Kwenye tela kupo. Unainama kidogo." Akatema msumari wa mwisho kiganjani, ndipo akanitazama. "Mama, hilo ni tela, siyo sebule."

Vijana wake wawili wakacheka. Mmoja alijitahidi, akageukia ukutani, mabega yakamsaliti. Mimi mwanamke niliyezaa, niliyemlipa pesa yote bila kukopa hata mia, nasimama kwenye vumbi la mbao nachekwa kwa sababu nimeomba kukaa. Nikaondoka bila kuaga. Mpaka leo nikipita njia ile nageuza uso upande wa pili, mzee ananiambia nimezidisha.

Nimezidisha? Basi na hili. Alivika kochi leza, ile ngozi ya bandia. Tabora hii, miezi ile kabla mvua haijakata joto! Ukikaa na gauni jepesi unaganda, ukiinuka inalia kama plasta inayobanduliwa. Nikamnunulia kochi langu kanga nne, nikalifunika kama mgonjwa.

Na hili ndilo kubwa, lingeweza kutuua. Mabenchi ya zamani yalikuwa na mfuniko wa bawaba, unanyanyua, chini unapanga ndoo za asali. Ndoo ya lita 20 ya asali haichezi, ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Fundi, kwa kutaka kochi liwe imara, akapigilia plaiwudi moja kwa moja. Hakuna mfuniko. Ndoo zikakosa mahali, tukazipanga nyuma kabisa karibu na mlango. Tulipoiacha Urambo nyuma yetu, mzee akiongeza mwendo kidogo tu, tela linaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, linavuta gari nalo. Nilishika dashibodi nikataja watakatifu wote. Tulisimama Kaliua, dereva mmoja wa lori akatazama, akauliza swali moja: mzigo uko wapi? Akatuelekeza kwamba mzigo ukikaa nyuma ya tairi unanyanyua shingo ya tela, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, na shingo ikiwa nyepesi tela linayumba. Uzito ukae mbele ya ekseli, ule mhimili wa matairi, na kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote iilalie ndoano ya gari. Likianza kuyumba usikanyage breki ghafla, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Tukahamisha ndoo mbele, sakafuni, zikala nafasi ya miguu yangu. Kwa hiyo sasa nina kochi fupi, kabati kichwani, na asali miguuni. Kwa ajili ya mfuniko mmoja wa bawaba!

Hapa ndipo ningemaliza kwa kusema msiende. Lakini kuna jambo limetokea ambalo bado sijui nilifurahie au nilikasirikie.

Sponji imezama. Ile ya kifalme. Alinitilia sponji nyepesi, ile ambayo ningeigundua palepale dukani kama ningebonyeza kwa gumba: nzuri inapanda mara moja kukufukuza kidole, mbovu inabaki na shimo inafikiria. Baada ya safari mbili tatu, inchi 6 zikawa labda 4. Na zikiwa 4, nikagundua asubuhi moja kwamba nimekaa wima, nimekunywa uji nikamaliza, na kabati halijanigusa. Wizi wake wa sponji ndio ulioniokoa na kipimo chake. Nilicheka peke yangu. Halafu jioni yake makalio yakaanza kuisikia plaiwudi na kicheko kikaisha.

Tena kuna kijibenchi. Sikukiagiza mimi, ni wazo lake mwenyewe: kiboksi kifupi chenye mto juu, kinachoingia chini ya meza, na ukikivuta kinajaza lile pengo mbele ya kochi sawasawa, hakizidi wala hakipungui hata kidole. Ukikaa mchana unaweka miguu. Usiku unakisukuma kwenye kona, urefu unatosha mzee kulala bila kuishusha meza, na mimi nabaki na kipande changu cha kukaa na taa yangu na daftari langu. Yaani kile hasa nilichomwomba. Mtu aliyewaza hivyo ndiye huyohuyo aliyeniambia niiname? Mzee anakipenda kile kijibenchi kuliko anavyonipenda mimi, na akisikia namsema fundi anakipigapiga kwa kiganja kama mbuzi.

Mimi nimejitengenezea utaratibu. Mito ya mgongo nimeing'oa yote, kina kimerudi 55. Nakaa kwa ubavu, mgongo kwenye ukuta wa mwisho ambako juu yake hakuna kabati, nimeegemea mito miwili ya sufi niliyotoka nayo nyumbani, miguu imenyooka juu ya kochi. Chini ya mito tumetoboa plaiwudi matundu kwa drili, maana tulipolala Kigoma karibu na ziwa siku kadhaa, nilinyanyua mto nikakuta ukungu mweusi. Jasho la mtu na mbao isiyopumua. Matundu yamesaidia. Sponji mpya bado, nitanunua nzito na nitaikata inchi 4, na safari hii nitabonyeza.

Juzijuzi tuliegesha Kibirizi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa limetulia, mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake, mzee anakoroma kwenye kijibenchi, nami niko kwenye kona yangu, miguu juu, mito ya sufi mgongoni, nikajisemea labda nimemwonea yule kijana. Tela ni tela kweli. Kapata vitu viwili kati ya vitatu, na kile kijibenchi hakuna fundi mwingine angekiwaza. Nikachukua simu nikaanza kuandika haya nikiwa na moyo mweupe, nikampa nyota nne.

Halafu nikasikia chai inafurika, nikasahau niko wapi, nikainuka.

Ziwe mbili. Na moja kati ya hizo ni ya kijibenchi.